Kaskazini ya Karatasi

Kisiwa Panza
28 Agosti 2023

Kwa Mwalimu Hamdan Jecha, Wete.

Assalaamu alaykum. Mimi ni Mwanamize Pandu, mke wa Nyange, nakuandikia kutoka Kisiwa Panza. Jina lako nimepewa na Hija, anayepeleka pweza soko la Wete, na ndiye atakayetubebea barua ukikubali ninachokuomba.

Mwanangu Ruweida amemaliza Form Foo mwaka jana. Masomo mengine amepita, hesabu amepata F. Hapa kisiwani mwalimu wa hesabu hakai. Akija mmoja, hajapata pa kutundika shati ashahamishwa. Hija asema umestaafu na husomeshi tena, ila mtu akikuandikia barua ya maana huwa unajibu, na kwamba mambo ya hesabu huyapokei kwa simu. Ndiyo nimechukua karatasi.

Nataka arudie mtihani mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtoto si mjinga, ila akili yake haikai pahala pamoja. Ukimkubali nitakushukuru sana, na Hija atakuletea kitoweo.

Wassalaam,
Mwanamize Pandu


Wete
6 Septemba 2023

Kwa Ruweida Nyange.

Mama yako ameniandikia barua nzuri kuliko nyingi nilizokuwa nikiletewa na maofisa. Pweza nimempokea. Asilete tena, mke wangu hali pweza na mimi nina presha.

Nakubali, kwa masharti. Andika kwa kalamu ya wino. Andika hatua zote, hata ulizokosea. Kosa usilifute, likate kwa mstari mmoja nilione. Kwa simu sifundishi kwa sababu kwenye simu mtu huleta jibu tu, na jibu peke yake halinambii kitu.

Kitabu kitakwambia hesabu za sekondari zina mada nyingi, na utaziona zimepangwa kama bidhaa dukani, hii haijuani na ile. Mimi nimezisomesha umri wangu wote na naona ni maswali manne. La kwanza: ni kiasi gani? Hapo ndipo zilipo namba zenyewe, sehemu, asilimia, uwiano, vipeo na logi. La pili: kisichojulikana ni kipi? Hiyo ni aljebra. Ile x inayowatisha ni jina la muda la kitu ambacho hatujakijua, na kazi yote ni kukibakisha peke yake upande mmoja. La tatu: kiko wapi, na kina umbo gani? Hapo pana jometri, duara, eneo, ujazo, na trigonometria, ambayo ni namna ya kupima pahala usipoweza kufika. Grafu inakaa mlangoni, kati ya la pili na la tatu, kwa sababu inauchora mlinganyo ukauona. La nne: tutegemee nini? Hizo ni takwimu na uwezekano, na watoto wengi hawafiki huko kwa sababu mwaka huisha kitabu kingali kati. Seti, vekta na matriksi ni vyombo vya kubebea hayo manne, usiviogope.

Mtihani ni wa Kiingereza. Tutafahamu kwanza kwa Kiswahili, kisha tutayavisha nguo zake.

Maswali ya mwanzo yamo katika karatasi ya pili. Usiyafanye yote kwa siku moja.

H. Jecha


Kisiwa Panza
20 Septemba 2023

Shikamoo Mwalimu.

Majibu ni haya. La kwanza 3/4. La pili 15. La tatu sijui. La nne x = 7. Hatua nilizifanya kwenye karatasi nyengine, imepotea. Mama anakusalimia, yeye ndiye aliyenisimamia mpaka nikaandika hii.

Ruweida


Kisiwa Panza
12 Novemba 2023

Mwanangu Ruweida,

Barua hii anakuletea Bi Kazija anayerudi Muscat. Sauti ya simu sikuitaka kwa hili. Nikisema chumbani baba yako husikia ukumbini, na wewe ukinisikiliza husikia nyumba nzima unayofanyia kazi.

Ulipoondoka mwezi uliopita ilikuwa nimwandikie Mwalimu nimwambie kuwa umepata kazi na umekwenda. Nikakaa na kalamu. Barua yake ya pili ilikuwa mezani, ina maswali ya sehemu, na amekutolea ukali kwa ile karatasi iliyopotea. Nikasema nifanye moja kisha nimwambie. Nikalifanya, likatoka. Nikafanya la pili mpaka wali ukashika chini. Basi nikampelekea majibu kwa jina lako, na yeye akajibu, na mimi nikajibu tena. Mpaka leo anadhani ni wewe.

Sitaki unicheke. Skuli ya maandalizi ninayosaidia kufundisha wametwambia kwamba matokeo ya mwakani yakitoka, msaidizi asiyekuwa na hesabu katika cheti chake atapumzishwa. Mimi cheti ninacho, Kiswahili nimepita, dini nimepita, jiografia nimepita. Kinachonitoa katika darasa langu ni F ya hesabu. Wale watoto nimewafunza kushika kalamu, na sijui asubuhi nitaamka niende wapi.

Utaniuliza kwa nini nisimwandikie kwa jina langu. Huyu Mwalimu Hamdan alinisomesha, Mkoani, kabla hajahamia Wete. Siku moja alinirudishia karatasi yangu mbele ya darasa akanambia, "Weye keti. Hesabu si za kila mtu." Nimeketi mpaka leo. Kama mama yako naweza kumwandikia bila ya shida. Kama mwanafunzi wake naona haya.

Halua imefika. Usilale na feni usoni.

Mama yako


Kisiwa Panza
9 Disemba 2023

Shikamoo Mwalimu.

Hatua zote zimo, na nilizokosea nimezikata mstari mmoja. Lile swali la umri wa mtoto limenishughulisha. Umri wake ukizidishwa kwa umri huo ulioongezwa minne unapata 32. Nimeuandika mlinganyo, nimeugawa katika mabano, nimepata majibu mawili: 4 na hasi 8. Umesema nisitupe jibu bila ya sababu, kwa hiyo nimeyaacha yote. Mtoto ana miaka minne, au imebaki miaka minane kabla hajazaliwa. Mtu huweza kumngoja mtoto miaka minane, Mwalimu. Wapo.

Ruweida Nyange


Wete
18 Disemba 2023

Ruweida,

Aljebra yako imesimama. Jibu la hasi unalitupa, na sababu ya kulitupa ni kwamba swali limesema mtoto ana umri, basi keshazaliwa. Mlinganyo haujui kuwa unazungumza habari za mtoto. Wewe unajua. Wanafunzi wangu wengi walilitupa bila ya kufikiri na nikawapa maksi. Wewe umelifikiria sana na hupati. Ndivyo mtihani ulivyo.

Mwandiko wako umetulia tangu Oktoba. Sijui umefanya nini, endelea nacho.

Sasa tunaingia swali la tatu, kiko wapi. Ndege inatoka Istanbul. Inaruka kilomita 300 kuelekea kaskazini, kisha 400 kuelekea mashariki. (a) Iko umbali gani kutoka ilipoanzia? (b) Iko katika mwelekeo wa nyuzi ngapi, ukipima kutoka kaskazini? (c) Imeukaribia mji wa Makka au imezidi kuwa mbali nao? Chora. Hilo la mwisho silo la mtihani, ni langu. Ramani ndogo nimeiambatisha; ukiihitaji itazame, lakini nionyeshe mchoro wako kwanza.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafungwa mwisho wa Februari. Niletee picha zako za pasipoti na nakala ya matokeo yako ya mwanzo. Fomu nitakujazia hapa Wete.

H. Jecha


Kisiwa Panza
7 Januari 2024

Shikamoo Mwalimu.

(a) Kilomita 500, kwa Pithagorasi. (b) Nyuzi 53, nimetumia jedwali la tanjenti. (c) Imeukaribia, kwa sababu imekwenda kaskazini, na kaskazini ndiko kibla. Katika mchoro Makka nimeiweka juu na Istanbul chini yake, ndege inapanda kuelekea Makka kisha inakata mashariki. Ninapochora huukunjua mkeka kama wa kusalia na karatasi nailaza mbele yangu, ndivyo nisivyopotea.

Ruweida Nyange


Wete
15 Januari 2024

Ruweida,

Jibu lako la (a) na (b) ni sahihi na ndege yako imepotea.

Nimecheka, kisha nimeutazama tena mchoro wako, kwa sababu kosa hili halifanywi na mtoto asiyeijua kibla. Linafanywa na sisi. Hapa Pemba tumekaa karibu mstari mmoja na Makka, sisi chini yao juu, kwa hiyo anayesimama kusali huwa ameelekea kaskazini, na misikiti yetu yote imejengwa hivyo. Tangu mtoto anajifunza kutembea anaona kibla na kaskazini ni kitu kimoja. Lakini hiyo ni habari ya pahala petu tu. Istanbul iko ng'ambo ya pili. Wao wakisali huelekea kusini, na ndege yako ilipokwenda kaskazini iliipa Makka mgongo.

Shika hili na mengine yote ya mwelekeo yatakuwa mepesi. Kaskazini haimuulizi mtu amekaa wapi wala anasali vipi. Katika karatasi tumekubaliana iwe juu. Kwanza chora mshale, andika K, ndipo umweke mtu, ndege au meli. Mkeka wako ni mzuri, lakini mshale usiutoe kwenye mkeka.

Picha sijaziona.

H. Jecha


Kisiwa Panza
27 Januari 2024

Shikamoo Mwalimu.

Nimechora upya mara nyingi na safari hii mshale nimeuweka mwanzo. Niseme kweli, siku ya kwanza nilihuzunika. Nilikuwa najua kuwa Waislamu wamejaa dunia nzima, ila sikupata kufikiri kuwa wapo wanaosali na kaskazini iko nyuma yao. Halafu nikafahamu na jambo jengine. Kumbe ndio maana kule Muscat wanaelekea linakozama jua. Aliponambia nilidhani bado hajaijua nyumba, nikamwambia aulize vizuri asije akawa anasali upande siwo.

Maswali ya duara yamo ndani. La mwisho halikunitokea.

Ruweida Nyange


Muscat
3 Februari 2024

Mama,

Bi Kazija anarudi kesho, naandika haraka. Sikukucheka. Nililia kidogo, kisha nikacheka, lakini si wewe.

Hapa wanangu wa kuwatunza ni wawili, na mkubwa akileta hesabu za skuli namwambia mimi sijui. Sipendi kusema hivyo. Mkataba wangu ukiisha nataka kurudi nikafanye ule mtihani mwenyewe, lakini hiyo ni yangu na ina wakati wake. Wewe ya kwako ni sasa. Mama, usajili una picha. Huwezi kupeleka yangu ukakaa wewe, na usifikirie hata kidogo. Peleka yako. Mwalimu akisema keti, keti, lakini ukae mbele ya karatasi ya mtihani.

Magharibi ndiko kibla hapa, nimeuliza tena. Naelekea sawa.

Ruweida


Wete
8 Februari 2024

Kwa Bi Mwanamize Pandu.

Assalaamu alaykum. Barua zote nilizokuwa nikimwandikia binti yako, naona nilikuwa nakuandikia wewe. Sikuhitaji kuambiwa. Msichana aliyepoteza karatasi ya hatua Septemba hawi mtu wa kukata makosa kwa rula Oktoba. Msichana hajui habari za kumngoja mtoto miaka minane. Na aliyekuja kukwambia namna wanavyosali Muscat ni mtu anayeishi Muscat, nawe ulikuwa na wasiwasi naye kama mama.

Nilikuwa na hasira kwa siku moja. Sipendi kufanywa mjinga katika somo langu mwenyewe. Kisha nikazitandaza karatasi zako zote juu ya meza nikazipitia kutoka mwanzo, na hasira ikaniishia mahali fulani katika sehemu na desimali.

Mtihani haufanyiwi mtu. Anayesajiliwa ndiye anayekaa kitini, na mimi sitaiweka saini yangu kwenye karatasi ya uongo. Ikiwa ulikuwa unamwekea binti yako nafasi, huwezi. Ikiwa ulikuwa unajifunza kwa ajili yako, basi fomu ni yako, na tarehe ni ile ile niliyokutajia. Niambie ni lipi.

H. Jecha


Kisiwa Panza
16 Februari 2024

Kwa Mwalimu Hamdan Jecha.

Ni la pili.

Picha nne zimo ndani ya bahasha, nimepigwa Mkoani, mtandio umeniziba sikio moja lakini mpigapicha asema zitakubaliwa. Cheti changu cha Form Foo kimo. Utaona F ya hesabu, na ukitazama jina la skuli na mwaka utaona pia nani alikuwa mwalimu wa hesabu. Ulinambia niketi. Sikukuandikia ili nikulaumu, nimekwambia kwa sababu umeniuliza nilikuwa namfanyia nani.

Mume wangu ameuliza, "Weye wasoma nini, umri huu?" Nikamwambia hesabu. Akasema alidhani tuna mgonjwa mahali, kwa namna ninavyoandika barua kila wiki. Sasa amenichongea rula ya ubao, ndefu mno, nimeikata.

Nisamehe kwa jina la mtoto. Kusoma sitaacha hata ukikataa.

Mwanamize Pandu


Wete
24 Februari 2024

Bi Mwanamize,

Fomu imepokelewa leo. Risiti na namba yako ya mtihani nitakupelekea kwa Hija zikitoka.

Nimekutafuta kichwani na sikukupata. Wanafunzi ninaowakumbuka ni wa aina mbili, waliong'ara na walionisumbua, na wewe inaonekana hukuwa katika hao. Maneno uliyoyasema nayajua. Yana sauti yangu. Sijui niliwaambia wangapi. Wengine hawajaniandikia.

La mwisho la duara halikukutokea kwa sababu umesahau kwamba kipenyo kikichora pembe ukingoni, pembe hiyo ni pembe mraba, nyuzi 90, siku zote. Rudia. Baada ya Ramadhani tunaingia swali la nne.

H. Jecha


Kisiwa Panza
2 Juni 2024

Mwalimu,

Swali: mfukoni mna mbegu tatu nyekundu na tano nyeusi, ukitia mkono bila ya kutazama, uwezekano wa kutoa nyekundu ni upi? Nimeandika Wallahu aalam, kisha nikaona hutanipa maksi, nikaandika 3/8. Lakini sikuridhika. Kama Mungu keshaandika ni ipi itakayotoka, hii 3/8 ni ya nini?

Mwanamize Pandu


Wete
11 Juni 2024

Bi Mwanamize,

Ni ya wewe uliyetia mkono. Mwenye kujua hahitaji uwezekano. Sisi ndio tunaouhitaji, kwa kuwa hatujui, na somo hili lote ni namna ya kutojua kwa adabu. Jibu la kwanza ni sahihi. La pili ndilo lenye maksi.

H. Jecha


Kisiwa Panza
22 Novemba 2024

Mwalimu,

Nimefanya. Nililala Mkoani kwa dada yangu Tatu, asubuhi nikaingia chumba cha mtihani pamoja na watoto waliodhani mimi ni msimamizi; mmoja ameniamkia akanipa kalamu yake nimtunzie.

Swali la mwelekeo limekuja, la meli mbili. Viti vyetu vilikuwa vimeelekezwa kusini, kibla iko mgongoni. Kwa mwanzo karatasi ilinizunguka kichwani kama siku ile ya Istanbul. Nikakumbuka mshale. Nimeuchora juu, nikaandika N kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza, na meli zote mbili zimefika. Matriksi yamenishinda. Uwezekano nimeandika sehemu, na Inshaallah nimeisema kwa mdomo tu.

Mwanamize Pandu


Kisiwa Panza
2 Februari 2025

Mwanangu Ruweida,

Bi Kazija amekawia safari hii, kwa hiyo habari umeshazisikia kwa simu, mimi nakuandikia kwa sababu nyengine. Nimepata D. Baba yako alipoambiwa D aliuliza kama hiyo ni mbaya, nikamwambia F ni ukuta na D ni mlango. Skuli wamechukua nakala, mwalimu mkuu ametia muhuri, na Jumatatu nimeingia darasani kwangu kama kawaida. Watoto hawakujua kuwa palikuwa na jambo. Nilikwenda nyuma ya skuli nikalia, kisha nikarudi kuwagawia uji.

Mwalimu Hamdan nimempelekea matokeo. Ameandika mstari mmoja: "D ni ufaulu, rudia matriksi." Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mdogo, ameuliza kama hapa Panza yuko mwengine aliyeambiwa aketi. Nimemwambia yuko mmoja aliyeketi mwenyewe bila ya kuambiwa, lakini sasa hivi hayupo Panza, na mwalimu wake keshapatikana.

Basi tuanze. Kalamu ya wino, hatua zote, na kosa usilifute. Jibu bila ya hatua nitakurudishia na Bi Kazija huyo huyo, hata awe ameshafunga mizigo. Aljebra itakuja, ila wewe nakuanzisha na swali la tatu, kiko wapi, kwa sababu ndilo lililonifunza mimi. Chora mshale wa kaskazini juu ya karatasi. Usitazame unakosali, na usiniwaze mimi ninakosali. Ukishauchora, weka nukta, andika Muscat.

Swali la kwanza: kutoka hapo ulipo, nyumbani ni upande gani?

Mama yako,
Mwanamize Pandu